“Wala Usinitafute!” Siku Niliyompoteza Mume Wangu Kwenye Theluji

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea hebu jiulize swali moja dogo. Leo asubuhi mwenzi wako alitoka nyumbani amevaa nguo ya rangi gani? Usichungulie simu, wala usimuulize dada wa kazi. Jibu kutoka kichwani.

Mimi niliulizwa swali hilo Februari 2025, jioni, giza likikaribia kuingia, na kijana mmoja aliyevaa sare nyekundu akiwa ameshika kalamu. Tulikuwa kwenye milima ya Alps, upande wa Ufaransa. Mume wangu alikuwa haonekani tangu saa 8 mchana. Kijana aliuliza kwa upole: “Mama, koti lake ni la rangi gani?” Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

Miaka 13 ya ndoa, watoto wawili, na sikujua mume wangu amevaa koti la rangi gani.

Tulifikaje huko?

Mdogo wangu ameolewa Ufaransa, anaishi Thonon, mji ulio kando ya Ziwa Geneva. Kwa miaka mingi alikuwa akituambia, “Dada, njooni basi muone theluji.” Na mimi nilikuwa namjibu kuwa theluji tunayo, iko Kilimanjaro, na hata hiyo naiangalia nikiwa Moshi chini kabisa, nimekaa na chai yangu. Lakini safari hii mambo yalikubali. Watoto tukawaacha kwa bibi yao Tanga, tukapanda ndege hadi Geneva, shemeji akatupokea na gari.

Kwa wasioifahamu sehemu hiyo, nieleze kidogo. Kuna eneo kubwa la kuteleza kwenye theluji linaloitwa Portes du Soleil, jina ambalo maana yake ni Milango ya Jua. Lina vituo 12, vingine viko Ufaransa na vingine Uswisi, na njia zake za kutelezea zikijumlishwa zinafika takriban kilomita 600. Sisi tulipanga chumba Morzine, mji mdogo ulio bondeni. Juu yake, kwenye mwinuko wa kama mita 1,800, kuna Avoriaz, mji usioruhusu magari. Mizigo na wageni hubebwa na magari ya theluji au kwa mikokoteni isiyo na magurudumu inayovutwa na farasi. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Nilitoka Dar es Salaam kukimbia bajaji, nikakuta farasi!

Kuteleza kwenyewe si mchezo. Unavaa buti zito kama tofali, chini yake unafunga skii mbili ndefu, mkononi fimbo mbili, kichwani helmeti, usoni miwani mikubwa. Ukishavaa hivyo, watu wote mnafanana. Mrefu, mfupi, mweusi, mweupe, mke wa mtu, mume wa mtu, wote ni helmeti na miwani. Weka akilini jambo hilo, maana ndilo lililoniponza.

Miteremko inatofautishwa kwa rangi. Ufaransa kijani ni ya wanaoanza, bluu ni rahisi, nyekundu ni ngumu, nyeusi ni ya wenye roho ngumu. Uswisi na nchi nyingine kadhaa za Ulaya wanaanzia bluu. Siku tatu za kwanza mimi na mume wangu tulikaa kwenye kijani na mwalimu, tukianguka mbele ya watoto wa miaka minne waliokuwa wakitupita kama upepo.

Maneno ya asubuhi

Siku ya nne mume wangu akaona amehitimu. Unawajua wanaume. Akasema anataka kwenda na shemeji kwenye bluu, mimi nibaki na mdogo wangu kwenye kijani. Halafu akaongeza sentensi ambayo hakupaswa kuiongeza: “Mama Watoto, wewe bado unachelewesha wenzako.”

Wapenzi wasomaji, si kwamba alikosea. Kweli nilikuwa nachelewesha. Lakini hiyo ndiyo sentensi ninayoisikia tangu tuoane. Tukienda Kariakoo, yeye yuko hatua 20 mbele. Tukienda harusini, yeye keshafika mezani, mimi bado nahangaika na viatu mlangoni. Nikimpigia simu kumuuliza yuko wapi, haipokei, kwa sababu ameiweka kimya. Basi yote hayo yakanipanda kwa pamoja pale kwenye theluji, nikamwambia, “Nenda tu Baba Watoto. Wala usinitafute.”

Akaenda. Hakunitafuta.

Saa 9 alasiri shemeji akarudi peke yake. Akasema walipotezana chini ya lifti kule Lindarets, eneo ambapo njia nyingi hukutana na umati wa watu huwa mkubwa. Alidhani mume wangu amerudi kwetu. Sisi tulidhani yuko naye. Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Mdogo wangu akaniambia, “Dada, usiwe na wasiwasi, chaji imekwisha tu, baridi hii inamaliza betri.” Nilimjibu ndiyo, lakini mikono ilikuwa inatetemeka, na si kwa baridi.

Saa 10:30 jioni lifti zikaanza kusimama. Viti vilivyokuwa vikizunguka kutwa nzima vikatulia hewani. Hapo ndipo shemeji alipoacha kutania. Tukaenda kwenye kibanda cha waokoaji wa mlimani, watu ambao kila jioni hupita kwenye miteremko yote kuhakikisha hakuna aliyebaki kabla ya kuifunga. Wakatuuliza maswali manne: Alionekana wapi mara ya mwisho? Saa ngapi? Ana uzoefu gani? Amevaa nini?

La kwanza na la pili shemeji alijibu. La tatu nilijibu mimi. La nne tulitazamana. Koti lilikuwa la kuazima, katoa kaka yake shemeji. Mmoja akasema ni la kijivu, mwingine akasema la bluu iliyokolea. Mimi nilikuwa nalia.

Ujumbe kutoka Tanga

Saa 12 jioni jua limezama. Waokoaji wamepita miteremko upande wa Ufaransa, hakuna mtu. Wanawasiliana na wenzao wa Uswisi. Nimekaa kwenye benchi, kichwani mwangu kuna sentensi moja tu inayojirudia: wala usinitafute, wala usinitafute.

Simu yangu ikalia. Ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, kutoka kwenye simu ya mama mkwe. Nikajua mtoto ataniuliza habari za theluji, na nikaogopa kuufungua. Mdogo wangu akaufungua. Ikasikika sauti ya binti yangu wa miaka 12, inaongea haraka haraka:

“Mama, shikamoo. Baba amempigia bibi simu kwa namba ya ajabu. Anasema yuko Uswisi, yuko mzima, yuko kwenye mgahawa mahali panaitwa Le Krose. Anasema shemeji yake aje na gari. Mama, kwani baba anafanya nini Uswisi?”

Jamani! Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, kijana wa sare nyekundu akaniletea maji.

Mahali penyewe panaitwa Les Crosets, kituo kimojawapo upande wa Uswisi. Kilichotokea ni hiki. Walipopotezana, mume wangu alimwona mtu mwenye koti kama la shemeji akipanda lifti, naye akapanda nyuma yake. Lifti ile ilimpeleka hadi mlima wa Mossettes, zaidi ya mita 2,200, pale mpaka wa nchi mbili unapopita. Juu kulikuwa na ukungu. Yule mwenye koti akateremka upande wa pili, mume wangu akamfuata. Alipoondoa miwani chini alikuta ni mama mmoja wa makamo, mzungu, wala hamjui. Sehemu kubwa ya mteremko ule aliishuka kwa makalio, na sioni haya kuwaambia.

Alipotaka kurudi juu akakuta lifti ya kuvuka mpaka imeshafungwa. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa nje wa suruali. Kwanza ilizimika kwa baridi, halafu theluji ikayeyuka ndani ya mfuko alipokuwa akiteleza kwa makalio, ikalowa. Haikuwaka hadi kesho yake. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwenye mkoba wangu. Bahati nzuri Uswisi na Ufaransa zote zimo kwenye mkataba wa Schengen, vinginevyo tungekuwa tunasimulia mengine.

Mama mwenye mgahawa akampa simu ya mezani. “Piga nyumbani,” alimwambia. Hapo ndipo mume wangu alipogundua kuwa hajui namba ya mtu yeyote. Namba yangu ya Ufaransa ilikuwa laini mpya tuliyonunua siku tano nyuma. Namba ya mdogo wangu iko kwenye simu. Ya shemeji iko kwenye simu. Namba moja tu ndiyo aliyokuwa nayo kichwani: ya mama yake Tanga, aliyoikariri mwaka 2003 akiwa chuoni, enzi za kupiga simu kwenye vibanda au kuazima simu ya rafiki kwa dakika moja ili ambipu mama ampigie. Mama mkwe wangu, Mungu ambariki, hajawahi kubadilisha laini.

Kwa hiyo habari ya mtu aliyekuwa ng'ambo ya mlima mmoja tu kutoka kwetu ilisafiri hadi Tanga, ikarudi hadi Avoriaz. Kwa barabara tulimfuata kwa zaidi ya saa moja, maana gari lazima lizunguke milima.

Tulichojifunza, ili wewe usijifunze kwa machozi

Najua si wasomaji wetu wengi wanaokwenda kuteleza kwenye theluji kila mwaka. Lakini tuna ndugu Ulaya, Marekani na Kanada, wengine wana watoto wanaokwenda mlimani na shule zao, na wengine tutaalikwa kama nilivyoalikwa mimi. Siku iliyofuata shemeji alitukalisha kitako, akatufundisha mambo ambayo tulipaswa kuyajua siku ya kwanza. Nayaandika hapa kwa mpangilio.

Kwanza: sehemu ya kukutana, na saa. Msiseme “tukutane chini”. Mlima una “chini” kumi. Tajeni jina la lifti au mgahawa, na saa kamili, kwa mfano saa 6 mchana na saa 9 alasiri. Tena muwekeane sehemu mbili: moja ya kawaida, nyingine ya dharura, ambayo ni mahali mnapolala. Kanuni iwe hii: ukipotea, usiwafukuzie wenzako, nenda kwenye sehemu ya kukutana. Mume wangu angefanya hivyo, angekunywa chokoleti ya moto na sisi saa 9.

Pili: jueni lifti ya mwisho ni saa ngapi. Hasa pale eneo linapovuka mpaka au kuhamia bonde lingine. Saa hizo hubandikwa kwenye vibao na kwenye ramani. Ukichelewa kwa dakika tano, unaweza kujikuta kwenye bonde ambalo kurudi kwake ni teksi ya gharama kubwa.

Tatu: simu ikae kifuani. Betri za simu zetu hupoteza nguvu kwenye baridi kali. Simu inaweza kuonyesha chaji nusu, kisha ikazimika ghafla. Mara nyingi ikipata joto inawaka tena. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, skrini ikitazama kwako. Beba pawa benki ndogo, nayo pia ndani. Na kama umelowesha simu, usiichomeke kwenye chaji, ikaushe kwanza.

Nne: namba kwenye karatasi. Hili ndilo kubwa. Andika namba mbili au tatu kwenye kadi ndogo pamoja na jina la mahali unapolala, uiweke kwenye mfuko wenye zipu. Kwa mtoto ni lazima. Na namba moja ya mtu mliyesafiri naye, ikariri. Ndiyo, kama enzi zile za kibanda cha simu.

Tano: fahamu bando lako. Tangu mwaka 2017, laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika kwenye nchi nyingine za umoja huo bila gharama ya ziada kwa matumizi ya kawaida. Lakini Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya. Ukiwa mlimani karibu na mpaka, simu yako inaweza kudaka mnara wa Uswisi wakati wewe mwenyewe hujatoka Ufaransa. Ama bando linagoma, ama unakuja kupata bili ya kutisha. Muulize anayekuuzia laini kabla ya kupanda mlima.

Sita: kushirikishana mahali ulipo. WhatsApp inakuruhusu kumwonyesha mwenzako ulipo moja kwa moja kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Ni msaada mkubwa, lakini inakula chaji na inahitaji mtandao, kwa hiyo isiwe tegemeo lenu pekee.

Saba: simu za upepo. Familia nyingi niliziona zikiwa na redio ndogo za mkononi, kama wanazotumia walinzi wetu. Ulaya kuna aina inayoitwa PMR446, ambayo haihitaji leseni. Nguvu yake haizidi nusu wati. Mkionana kwa macho zinasikika vizuri hata mkiwa mbalimbali, lakini mlima ukikaa katikati, kimya. Faida yake ni kwamba hazihitaji mnara wala vocha, na unabonyeza kitufe kimoja hata ukiwa na glovu. Tahadhari: usinunue za Marekani ukazipeleka Ulaya, kwa sababu masafa yao ni tofauti na hayaruhusiwi huko. Na chagueni chaneli mapema, maana siku yenye watu wengi mtasikia watoto wa familia nyingine wakigombania biskuti.

Nane: mpangilio wa kundi. Hapa shemeji alinikumbusha nyumbani. Wanaopanda Kilimanjaro wanajua: mwongozaji yuko mbele akiweka mwendo wa pole pole, na msaidizi wake yuko nyuma kabisa ili asiachwe mtu. Kwenye theluji ni hivyo hivyo. Asiyejua sana asiwe wa mwisho. Nyuma akae aliye hodari, kwa sababu mtu akianguka, hodari atamfikia kwa kushuka. Aliye chini hawezi kupanda mlima na skii miguuni kirahisi. Na kwenye kila njia panda, wote wasimame wahesabiane. Simameni pembeni mwa mteremko, mahali mnapoonekana na wanaotoka juu, si katikati wala nyuma ya kilima.

Tisa: piga picha ya kila mmoja asubuhi. Akiwa amevaa kila kitu, kuanzia helmeti hadi buti. Inachukua sekunde tano. Ningekuwa nayo, nisingeaibika mbele ya yule kijana.

Kumi: ishara za dharura. Namba 112 inafanya kazi Ufaransa na Uswisi pia, hailipiwi, na mtandao wako usipokuwepo simu hujaribu kupita kwenye mtandao mwingine uliopo. Uswisi pia kuna 144 kwa ajili ya huduma ya ambulensi. Ukipiga, taja rangi na jina la mteremko, na namba iliyoandikwa kwenye nguzo iliyo karibu nawe. Ufaransa nguzo hizo zina namba zinazopungua kadiri unavyoshuka. Kama huna simu, beba filimbi: milio 6 ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia. Anayejibu hupuliza mara 3 kwa dakika. Mkiwa na majeruhi kwenye mteremko, chomekeni skii mbili kwenye theluji zikiwa zimepishana kama alama ya X, juu kidogo ya alipolala, ili wanaoteremka waone na wapunguze mwendo.

Mtu akitoka nje ya njia

Kuna wanaopenda theluji ambayo haijakanyagwa, nje ya njia zilizowekwa alama. Huko si kwa wanafunzi wa siku nne. Hatari kubwa ni maporomoko ya theluji, na huko simu haitoshi kabisa. Kila mmoja huvaa kifaa kidogo cha kurusha na kupokea mawimbi, kinachotumia masafa ya kilohezi 457. Mmoja akifukiwa, wenzake wanageuza vifaa vyao kwenye kutafuta na kufuata mawimbi hadi alipo, kisha wanatumia fimbo ndefu ya kuchoma theluji na koleo kuchimba. Lazima wawe na vyote vitatu na wawe wamefanya mazoezi.

Kwa nini wenzake, na si waokoaji? Kwa sababu ya muda. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri ya kupona katika dakika 10 hadi 15 za mwanzo, baada ya hapo nafasi hiyo inashuka kwa kasi ya kutisha. Helikopta mara nyingi haiwezi kufika ndani ya muda huo. Anayeweza kukuokoa ni yule uliyekuja naye. Na simu iwe mbali na kifaa hicho kwa angalau sentimita 20, na wakati wa kutafuta sentimita 50, kwa sababu inakivuruga.

Shemeji aliponieleza hayo nilinyamaza kwa muda. Nilifikiri juu ya maisha ya huko nyumbani, jinsi tunavyodhani daima kuna mtu mwingine atakayekuja kutuokoa.

Mkenya aliyesubiriwa

Tukiwa mezani, shemeji alinisimulia kisa ambacho Waafrika Mashariki tunapaswa kukijua zaidi kuliko yeye. Mwaka 1998, Philip Boit alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, kule Nagano, Japani, katika mbio za skii za kilomita 10. Alikuwa mkimbiaji, theluji ameijua kwa muda mfupi tu. Alifika wa mwisho, nafasi ya 92, akiwa ametumia takriban dakika 20 zaidi ya mshindi.

Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, bingwa aliyeshinda medali nyingi za dhahabu za mchezo huo. Badala ya kwenda kuchukua medali yake, Dæhlie alisubiri kwenye mstari wa mwisho hadi Boit alipofika, akamkumbatia. Wakawa marafiki, na Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Nilimtazama mume wangu, naye akatazama sahani yake.

Ndani ya gari, usiku

Lakini nimeruka kitu. Nirudi kwenye usiku ule tulipomkuta Les Crosets. Alikuwa amekaa karibu na moto, amefunikwa blanketi la mama wa mgahawa, amevaa koti la zambarau. Zambarau, mpenzi msomaji! Si kijivu wala bluu.

Hatukukumbatiana kama kwenye sinema. Nilimpiga begani, nikamwuliza, “Kwa nini hukunitafuta?” Akasema, “Si uliniambia nisikutafute?” Shemeji na mdogo wangu wakatoka nje kuwasha gari.

Njiani, kiti cha nyuma, ndipo tulipoongea kama hatujaongea kwa muda mrefu. Aliniambia kuwa kule juu kwenye ukungu aliogopa sana, na kitu kilichomsumbua kuliko baridi ni kwamba alikuwa anajaribu kukumbuka namba yangu na haiji. Alikumbuka ile ya zamani niliyokuwa nayo tukiwa wachumba, ambayo niliiacha miaka mingi. “Zamani nilikuwa najua kila kitu chako,” alisema. Mimi nikamwambia kuhusu koti. Nikamwambia kuwa asubuhi ile nilimtazama akiondoka, nikamtazama hadi akapotea, lakini kwa hasira. Na hasira haioni rangi.

Tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, hakuna anayetamka “usinitafute” kwenye nyumba yetu, hata kwa utani. Kama umekasirika, sema umekasirika, lakini mlango wa kutafutwa uache wazi. La pili, yeye anayetembea haraka ndiye atakayekaa nyuma.

Siku mbili za mwisho alikaa nyuma yangu kwenye kijani, akiniangalia nikianguka, akinisubiri niinuke. Alichoka kwa baridi maskini, lakini hakusema neno. Mimi ndiye niliyekuwa na filimbi.

Sasa tuko Dar es Salaam, hakuna theluji, kuna jua na foleni. Juzi tulikwenda Kariakoo kununua sare za shule. Kabla hatujashuka kwenye gari akaniambia, “Tukipotezana, tunakutana hapa hapa, saa 7 kamili.” Binti yetu akaanza kucheka nyuma. Mume wangu akanitajia namba yangu yote, tarakimu kwa tarakimu, bila kuangalia simu. Nami nilikuwa nimeshaangalia. Shati la bluu bahari, suruali ya khaki, kandambili za ngozi zile ninazozichukia.

Tulipotezana kweli, kwenye duka la pili tu. Saa 7 nilifika kwenye gari na mifuko yangu. Alikuwa ameshafika, amesimama juani.

Tukutane tena mwezi ujao, mpenzi msomaji, panapo majaliwa.